Gonga Kwanza, Ndipo Uandike

Meneja aliniletea fomu mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeleta posa. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi. Katika miaka minne aliyokaa kituoni petu hajawahi kuniletea hata kalamu.

“Mama, saini moja tu,” akasema. “Hapo chini. Tukimaliza hii ya Namba Saba, tumemaliza kila kitu.”

Kila kitu maana yake kituo kizima. Tulikuwa na visima kumi na viwili vya mafuta na gesi. Kumi na kimoja vilikuwa vimezibwa kwa saruji, mabomba yamekatwa, matanki yamekwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kilibaki cha saba. Saruji yake ilimwagwa siku thelathini nyuma, na sheria inataka kisima kilichozibwa kipimwe presha kila siku kwa siku thelathini. Kikisoma sifuri siku zote hizo, msimamizi wa mazingira anaweka saini, kampuni inakabidhi ardhi kwa mji, inakwenda zake. Msimamizi wa mazingira ni mimi. Baada ya saini ile ningestaafu Ijumaa, pamoja na wenzangu arobaini waliokwisha funga mizigo. Mashine ya saruji ilikuwa imeshapakiwa kwenye lori.

Nikaiangalia karatasi ya vipimo. Siku hizi kinachopima ni kidude chenye skrini, kinatuma namba ofisini bila mtu kunyanyuka kitini. Sifuri, sifuri, sifuri, mara thelathini, zimejipanga vizuri mno. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikamsikia moyoni mjomba wangu akiguna.

“Nipe mpaka kesho,” nikasema.

“Mama, sifuri ni sifuri.”

“Najua. Nipe mpaka kesho.”

Hakupenda, na mimi sikumlaumu. Lakini ng'ambo ya uzio wetu kuna nyumba zaidi ya mia tatu, na zote zinakunywa maji ya ardhini. Kampuni ikishaondoka, hakuna atakayerudi kuchungulia kisima kilichofukiwa. Nikikosea mimi, watakaoonja ni wao.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyeniingiza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini, cheti kimoja cha maabara, na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Kituo kizima kilimwita Mjomba Gonga, hata wasiokuwa wapwa zake, hata meneja wa wakati ule aliyemzidi umri. Jina lilitokana na kazi yake. Alikuwa mpimaji wa presha, na kabla ya kusoma geji yoyote alikuwa akigonga kioo chake mara mbili kwa kifundo cha kidole: ko, ko.

“Sindano ya geji ni mvivu,” aliniambia siku ya kwanza. “Inaweza kulala palepale ilipolala jana. Bisha hodi kwanza iamke, ndipo uiulize.”

Jambo lake la pili lilikuwa kadibodi. Aliikata kutoka kwenye boksi la sabuni, ukubwa wa ukurasa wa daftari, akafunika nayo namba zote za jana. Ukishaandika ya leo, ndipo unaruhusiwa kuifunua na kulinganisha. Nilimuuliza kama anawaogopa wezi wa namba.

“Namwogopa mwizi mmoja tu,” akasema, akagusa jicho lake. “Huyu. Anapenda kukubaliana na jana.”

Na alikuwa na neno lake, alilolirudia mpaka likanichosha, na leo ningetoa chochote kulisikia likisemwa kwa sauti ile ya zamani: “Namba isiyobadilika ni ya maiti au ya mwongo.”

Tulianza mzunguko saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, buti zikiwa na umande. Visima kumi na viwili, saa mbili na nusu. Harufu ya mafuta ghafi ilikuwa imeingia kwenye nguo zetu, kwenye nywele, nadhani hata kwenye mkate. Juu ya bomba refu katikati ya kituo uliwaka mwali wa gesi, na mji wote uliutazama kila asubuhi kabla ya kuosha uso. Mwali mkubwa, kazi ipo. Mwali ukipungua, watu wanaanza kuulizana. Nikiwa mdogo nilidhani kila mji una mwali wake, kama ulivyo na mwezi wake.

Mzunguko uliishia langoni, kwenye kantini ya mkazamjomba, yaani mke wa Mjomba Gonga. Chai ilikuja kwenye vikombe vya bati vinavyounguza midomo, na maharage ambayo sijapata kula mengine kama hayo. Mkazamjomba alikuwa na mdomo. Namba Saba, kisima kilichotoa karibu theluthi ya mafuta yetu yote, mjomba alikipitia mara mbili, kwanza na mwisho, na mkazamjomba hakuacha lipite.

“Umetoka kwa mke mwenzangu?” alikuwa akimuuliza mbele ya wateja. “Ameamkaje leo?”

“Ameamka salama. Anakusalimu.”

“Mwambie chai yako akupikie yeye kesho.”

Tulicheka kila siku, mzaha uleule, na hakuna aliyeuchoka.

Sasa niseme kosa langu. Nimelisema mara nyingi kwa wafanyakazi wapya, kwa hiyo aibu yake imeshachakaa, ila haijaisha.

Kisima cha mafuta ni bomba ndani ya bomba. La ndani linapandisha mafuta na gesi. La nje linalinda udongo na maji yaliyo pembeni. Nafasi kati ya mabomba hayo mawili inatakiwa iwe tulivu. Presha ikianza kupanda pale, ujue la ndani limetoboka, na kilichobaki kati ya gesi na maji ya watu ni bomba moja tu. Geji tuliyoigonga kila asubuhi ilikuwa ya nafasi hiyo.

Mwaka wangu wa pili mjomba alishikwa na homa. Siku tatu nikazunguka peke yangu. Siku hizo hizo mvua ikaamua kunyesha asubuhi, na mimi nilikuwa nimetoka kusuka, nywele zilizonikalisha chini siku nzima mpaka shingo ikakauka. Mwavuli sikuwa nao. Nilikuwa na kadibodi. Nikaiweka kichwani.

Ndivyo nilivyofika Namba Saba: kadibodi juu ya nywele, daftari wazi, namba ya jana ikinitazama. Arobaini. Kioo cha geji kilikuwa na ukungu na matone. Nikachungulia, nikaona sindano iko kama arobaini. Kugonga? Mkono mmoja umeshika kadibodi, mwingine umeshika daftari. Nikaandika arobaini. Kesho yake arobaini. Na ya tatu arobaini, nikakimbilia kantini na nywele zangu salama.

Mjomba aliporudi, bado midomo imemkauka kwa homa, alifungua daftari kabla hajavaa buti.

“Mpwa wangu,” akasema, “Namba Saba amekufa?”

“Hapana, mjomba. Mwali si unauona?”

“Basi nani mwongo?”

Tulikwenda pamoja. Sindano ilikuwa arobaini. Akabisha hodi, ko, ko, na sindano ikaruka, ikapita sitini, ikapita themanini, ikasimama kwenye mia na kumi.

Lililotufuata lilikuwa hili. Makao makuu walikuwa wameandika barua: mafuta yatakayotoka mwezi ule ndiyo yatakayoamua kama kituo kitaendelea au kitafungwa. Zilibaki siku nne mwezi uishe. Kufunga Namba Saba ni kutoa theluthi nzima kwenye hesabu. Meneja yule wa zamani alikuwa mtu mwema, na alimsihi mjomba kama anavyosihiwa mkwe.

“Siku nne tu, Gonga. Bomba la nje ni zima. Tufike mwisho wa mwezi, tutafunga, tutatengeneza kwa raha zetu. Kuna watu mia na ishirini hapa. Mkeo yumo.”

“Bomba halijui tarehe, bwana,” mjomba akasema. “Na la nje tunaliita zima kwa sababu hatujaliona.”

Meneja akafumba macho. Akasema, “Funga.”

Mjomba alizungusha gurudumu la vali kwa mkono, mizunguko ishirini na miwili, nikiihesabu kimoyomoyo. Mwali ukanywea. Mpaka tunafika langoni, watu walikuwa wametoka nje ya nyumba zao, wameshika viuno, wanatazama juu. Mkazamjomba alikuwa mlangoni mwa kantini, mwiko mkononi. Hakuuliza mke mwenzake ameamkaje.

Matengenezo yalichukua siku kumi na tisa. Bomba la ndani lilikuwa na tundu la punje ya dengu. La nje, lile zima, lilikuwa limeliwa na kutu mpaka limebaki unene wa kifuniko cha kopo. Maji ya mji yaliponea hapo. Lakini makao makuu hawakuja kutazama kutu, walitazama hesabu. Hawakukifunga kituo, wakapunguza watu. Thelathini na nne unga wao ukamwagika kwa wiki moja, na waliobaki wakaanza kubeba chakula kutoka nyumbani. Kufikia mwaka mpya kantini ilikuwa imefungwa. Mkazamjomba aliuza vikombe vyote vya bati isipokuwa vitatu.

“Mke mwenzangu kanifukuza,” alisema mara moja tu, bila kucheka. Tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la Namba Saba, na mjomba akilitaja, yeye alinyanyuka akaenda jikoni. Miaka yote ile alifuma vikapu vya kuuza, mpaka vidole vikapinda.

Mimi nilijua nitafukuzwa, na nilistahili. Mjomba alinipa kalamu, akaniambia niandike mwenyewe, kwenye ukurasa uleule, chini ya zile arobaini tatu. Nikaandika: *Siku hizi tatu Namba Saba haikupimwa. Niliandika namba ya jana.* Nikaweka saini. Nililia hadi wino ukatawanyika. Meneja aliusoma ukurasa, akarudisha daftari, akasema nikanywe maji nirudi kazini.

Miaka miwili baadaye kituo kingine kiliungua, kituo kilichokuwa na madaftari safi kuliko yetu. Serikali ikatuma wakaguzi kila mahali waamue nani apewe leseni tena. Mkaguzi wetu, mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, alipekua daftari hadi akafika kwenye ule ukurasa wenye wino uliotawanyika. Akausoma mara mbili. Akauliza nani ameandika. Nikainua mkono.

“Haya,” akasema. “Hili naweza kuliamini.” Akatupigia muhuri, na kituo kikaishi miaka ishirini na sita zaidi. Nilikimbia hadi kwa mkazamjomba kumpa habari. Alisema, “Vizuri,” akaendelea kufuma.

Basi unaona kwa nini sifuri thelathini zilizojipanga zilinikosesha usingizi.

Asubuhi nilimwomba fundi wa vali anitafutie geji ya zamani stoo. Akaipata nyuma ya ndoo za rangi, kioo kimefifia, sindano bado nzima. Tukakitoa kidude cha skrini, tukaifunga geji mahali pake. Meneja alisimama nyuma yangu mikono mifukoni. Geji ikasoma sifuri.

“Unaona, mama?”

Nikagonga. Ko, ko. Sifuri.

Akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Kidogo nami nicheke. Nilikuwa nimechoka, magoti yananiuma, na nilitamani Ijumaa kama yeye. Lakini mjomba alinifundisha kwamba geji ikikujibu, uifuate njia mpaka ujue imeongea na nani. Nikaweka mkono kwenye kibomba chembamba, nikakitembeza kutoka kwenye geji kuelekea kisimani. Katikati, chini kabisa, vidole vikagusa kishikio cha vali ndogo. Kilikuwa kimelala kwa upana wa kibomba. Vali imefungwa.

Aliyefunga kidude kile siku ya kwanza aliifunga vali ili afanye kazi yake bila kuvujiwa, kisha akasahau kuifungua. Siku thelathini skrini ilikuwa ikipima kipande cha kibomba kisichozidi mkono wangu.

Nikaifungua. Sindano haikutikisika. Nikagonga mara mbili, na ikapanda hadi kumi na nane.

Meneja aliketi juu ya bomba, suruali yake safi ikapata grisi. Saruji ilikuwa inavujisha gesi chini yetu tangu siku iliyomwagwa.

“Nilikuwa nimesimama hapa siku wanapachika hicho kidude,” akasema polepole. “Mimi mwenyewe ndiye niliyesema wafanye haraka.”

Nilitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Ila nilipomtazama nikamwona msichana aliyefunika nywele kwa kadibodi, na hasira ikakosa pa kukaa. Nikampa daftari.

“Niandike nini?” akauliza.

“Andika: siku hizi thelathini Namba Saba haikupimwa.”

Akaandika, akaweka saini, kisha akapiga simu lori lirudishwe.

Wenzangu hawakunisamehe haraka. Mizigo ilifunguliwa, saruji ikamwagwa upya, na siku thelathini zikaanza kuhesabiwa mwanzo. Kwenye foleni ya chai mmoja aliniuliza, kwa sauti ya wote kusikia, “Mama, kwani unaogopa kustaafu?” Lilinichoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Kila asubuhi nilikwenda na geji ya zamani, daftari na kadibodi mpya niliyoikata kwenye boksi la sabuni, na kila asubuhi nilifurahi. Pale palipokuwa na matanki pameota majani. Mwali umezimwa, na bomba lake limelazwa chini. Lakini umande ulikuwa uleule, na kwa saa moja kila siku nilikuwa na miaka ishirini na mtu wa kutembea naye.

Jioni nilimpitia mjomba. Macho yake yaliondoka kitambo. Anakaa kitandani karibu na dirisha, kidole kikigonga ubao wa kitanda bila yeye kujua.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Umegonga?”

“Nimegonga.”

“Vali ndogo?”

“Wazi. Nimeigusa kwa mkono.”

“Haya. Usiniambie namba. Nifunikie mpaka mwisho.”

Kwa hiyo sikumwambia, siku moja baada ya nyingine. Siku ya thelathini nilisaini fomu asubuhi. Meneja alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Jioni nikaenda na daftari. Mkazamjomba alikuwa jikoni, nikamsikia akikoroga.

“Sasa funua,” mjomba akasema. “Nisomee zote.”

Nikatoa kadibodi, nikaanza kusoma. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Hakunikatiza. Nilisoma thelathini zote. Kidole chake kilikuwa kimeacha kugonga.

“Namba isiyobadilika,” akasema.

“Si ya mwongo, mjomba. Nakuapia.”

“Najua, mwanangu. Ni ya maiti.” Akanyoosha mkono, akautafuta wangu. “Pole.”

“Pole na wewe.”

Tulikuwa hivyo, tumeshikana mikono na machozi yananitoka bila aibu, mkazamjomba alipoingia na sinia lenye vile vikombe vitatu vya bati. Akatutazama mmoja mmoja, akasimama.

“Amekufa nani?”

Miaka ishirini na minane alikuwa hataki kulisikia jina lile.

“Mke mwenzio,” mjomba akasema.

Akaweka sinia chini taratibu. Nilidhani ataondoka kama siku zote. Akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda, na kwa vidole vyake vilivyopinda akamshika mumewe mkono wa pili.

“Pole, mume wangu,” akasema. “Alikuwa mchapakazi.”

Akatumiminia chai.